Ufito wa Shaba Nyuma ya Dereva

Jumapili, 14 Machi 1965

...na bado nasema rafiki yangu Phoebe alikosea. Siku ya mwisho shuleni aliniambia kwamba mwanamke akiolewa huacha kuuliza maswali, hubaki na moja tu: tutakula nini leo. Mimi niko katika wiki ya tano ya ndoa na sijawahi kuwa na maswali mengi kama haya. Kwa mfano, kwa nini mwanamume aliyepakwa mafuta ya gari mpaka kwenye nyusi anapendeza kuliko alivyopendeza kanisani akiwa na tai? Na kwa nini basi la mjini, lililoundwa kubeba watu wa Nairobi, linalala kwenye nyasi hapa Busia, hatua kumi kutoka mlango wa chumba chetu?

Vitalis wangu ni fundi wa malori karibu na mpaka. Chumba ametupa Mzee Emojong, mwenye kiwanja hiki na mwenye basi hilo. Ni mtu wa kabila la Wateso, mrefu, mjane, hacheki. Nimemsalimu kama mara ishirini tangu tuhamie, naye amenijibu mara nne, nimehesabu. Basi lake limeelekezwa barabara ya Kisumu kama ng'ombe anayengoja kufunguliwa kamba. Magurudumu yamezama, na ndege wamejenga ndani ya taa moja. Halijatoka hapo miaka saba.

Leo baada ya kanisa Vitalis alimwendea. Alikuwa na miaka tisa alipoliona basi hili likiingia soko la Bumala, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shangazi yake, na siku hiyohiyo akaamua kwamba atakuwa mtu wa magari. Kwake hili si gari bovu. Ndilo gari la kwanza.

"Mzee, niachie hii basi niitengeneze."

"Ya nini?"

"Iende."

"Iende wapi?"

Mzee alitazama mbingu, akatazama shamba, akasema, "Jacktone wa Bumala anataka injini, aiweke kwa mashini yake ya kusaga. Nimemwambia angoje mahindi ya msimu huu yakauke. Na wewe ngoja hapo hapo. Mahindi yakikauka na injini bado imenyamaza, Jacktone atakuja na minyororo. Ikisema kabla ya hapo, basi ni yako."

Vitalis alirudi chumbani akanibeba, viatu vyangu vya kanisa vikaanguka. Niliwaza: mume wangu amepewa basi. Kisha nikawaza: hapana, amepewa msimu mmoja wa mvua.

Jumanne, 16 Machi

Tumepanda mahindi nyuma ya basi. Sijawahi kupanda mbegu huku nikiiomba isiwe na haraka.

Jumamosi, 20 Machi

Nimegundua jambo, nami nina furaha kama mtu aliyechimba akakuta chungu cha watu wa kale.

Basi ni la kijani. Nilikuwa nalisugua kwa msasa chini ya dirisha la tatu, mahali palipobabuka. Chini ya kijani nikakuta nyekundu ya matofali. Chini ya nyekundu, kijivu kizito cha vita. Nikaendelea kusugua, taratibu kama mtu anayemenya kitunguu, na chini kabisa ikatokea rangi ya maziwa yenye mstari mwembamba mwekundu, laini, iliyopakwa na mkono uliojua kazi. Nikamwita Vitalis. Alitoka chini ya gari, akalaza shavu kwenye bati kuitazama kwa pembeni, na mimi nikamtazama yeye.

"Hii ndiyo ngozi yake," akasema. "Hii ndiyo ilipakwa Nairobi."

Tulikaa kwenye ngazi ya basi tukiipa kila rangi mwenyewe wake. Kijivu ni cha wakati wa vita, hilo ni rahisi. Nyekundu hatuijui. Kijani ni cha mzee. Nikasema, "Turudishe ile ya kwanza. Tulifanye kama siku lilipotoka dukani, kila kitu, mpaka skrubu." Vitalis akasema neno langu ni amri.

Mzee Emojong alipita wakati huo akitoka kwa ng'ombe wake. Nimeona jambo la ajabu. Njia fupi ya kwenda nyumbani kwake inapita ubavuni mwa basi, lakini yeye huzunguka kwa upande wa barabara, uso umegeuzwa.

Alhamisi, 25 Machi

Mvua. Kabureta iko chini ya kitanda chetu, imevikwa shati kuukuu la Vitalis. Chumba kinanuka petroli na mimi nimeanza kuipenda harufu hiyo.

Jumapili, 4 Aprili

Juu ya kioo cha mbele kuna kisanduku kirefu chenye kidirisha. Leo nimekifungua kwa kisu cha mkate. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichoviringishwa kwenye mti, kimeliwa na panya pembeni, na juu yake herufi nyeupe zilizochapwa: PUMWANI. KARIOKOR. NGARA. STESHENI. Ukizungusha mti, jina linabadilika kwenye kidirisha na watu walio nje wanajua basi linaenda wapi. Niliuzungusha mpaka mkono ukauma. Sijawahi kufika Nairobi, lakini leo nimefika Ngara mara sita.

Upande wa nyuma wa kitambaa mtu ameandika kwa makaa, herufi za kupinda: MALABA. AMUKURA. BUSIA. BUMALA. Nilisikitika kidogo kuona kitu kizuri kimechafuliwa hivyo. Vitalis anasema yatatoka kwa sabuni na limau. Nimekianika kwanza.

Jumatano, 7 Aprili

Mvua. Mahindi yametoka ardhini, vidole vya kijani. Nimeyasalimia bila uchangamfu.

Jumamosi, 17 Aprili

Kesho Pasaka. Leo nimecheka mpaka nikakaa chini, na nitaandika yote kabla sijasahau.

Mama yangu alikuja kutoka Sigalame bila kutoa habari, na kuku wawili na kikapu cha kunde. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawaonani uso kwa uso. Ni heshima kubwa kuliko salamu. Akija kwangu, Vitalis huondoka, au yeye huishia barabarani nami namfuata huko. Lakini leo hakuna aliyejua, na Vitalis alikuwa chini ya basi, miguu imefunikwa na gunia kwa sababu ya matope. Mama aliona kivuli, akaona ngazi ya basi, akakaa juu yake akashukuru Mungu.

Nikaona gunia limetulia kama jiwe.

"Mwanamume wako yuko wapi?" mama akauliza.

"Yuko... kazini."

"Vizuri. Mwanamume wa kazi ni mzuri." Akavua viatu, akanyoosha miguu, akaanza habari za Sigalame tangu arusi yetu: ni nani amezaa, ni nani amegombana na kasisi, mbuzi wa nani amekula mboga za nani. Saa nzima. Nilimwomba tuingie chumbani, akakataa akisema hawezi kuingia mahali anapolala mkwewe. Nilimwomba tuende barabarani, akasema miguu imechoka. Mvua ndogo ikaanza, akasogea ndani zaidi ya mlango wa basi.

Mwishowe akasimama, akavaa viatu, akaelekeza macho yake upande wa Uganda, mbali sana na basi, na kusema kwa sauti kubwa, "Na yule aliye kazini, mwambie mama yake amesema asilale kwenye baridi, atapata kichomi."

Vitalis alitoka akiwa wa udongo mtupu, kama mtu wa siku ya sita kabla hajapuliziwa pumzi. Sijawahi kumpenda hivyo.

Jumatatu, 26 Aprili

Injini imesafishwa yote, lakini pampu ya maji imekula bushi yake. Bushi ni kipande cha shaba chenye tundu, ambamo mhimili hupita na kuzunguka bila kusaga chuma kwa chuma. Bila hiyo maji hayazunguki na injini itachemka kabla ya kufika barabarani. Vitalis ameuliza mpaka Kisumu. Hakuna tena bushi ya gari la umri huu.

Jumatano, 28 Aprili

Mume wangu ana akili kuliko watu wote wa mpakani, pande zote mbili.

Nyuma ya kiti cha dereva, kutoka ukuta huu wa basi mpaka ule, unapita ufito wa shaba mnene kama kidole gumba, na pete kumi na nne zinazoteleza juu yake. Tumeuuliza ufito huo maswali tangu Machi. Mimi nilisema ni wa watu kushika wasianguke, lakini uko juu mno kwa mtu mfupi. Vitalis alisema ni wa kuzuia jua, lakini jua haliingii kutoka huko. Siku moja nilidhani uliwatenga Wazungu na Waafrika, nikakasirika mchana kutwa. Leo Vitalis ametazama skrubu zake kwa makini. Skrubu zote za basi ni za shaba, zenye vichwa vya duara. Za ufito ni za chuma, za duka la hapa, na matundu yake yametobolewa kwa mkono, moja limekosewa likarudiwa.

"Huu haukuja na basi," akasema. "Mtu ameuweka huku kwetu."

"Kumbe ufito si wake," nikasema mimi. Ni mimi niliyesema, naandika ili nisije nikajidanganya baadaye. "Tumekubaliana lirudi kama lilivyotoka dukani. Utoe. Na kama ni shaba, si ndiyo unayoitafuta?"

Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa mto wakati ana kiu.

Ijumaa, 30 Aprili

Vitalis amerudi kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, ambako kuna fundi mwenye mashine ya kuchonga chuma. Anasema yule fundi aliupima ufito kwenye kiganja na kusema, "Ssebo, hii shaba ya zamani, siku hizi hawatengenezi hivi," akaukata vipande vitatu akachonga bushi mbili, moja ya akiba. Pete kumi na nne nimezitia kwenye kopo.

Jumanne, 11 Mei

Mvua ya wiki nzima. Barabara ya Malaba imekatika mahali pawili na madereva wanalala kwenye malori yao. Vitalis anatengeneza breki za watu wengine kutwa nzima na anarudi kulipapasa basi lake kidogo kabla giza halijaingia. Mahindi yananifika kiunoni.

Ijumaa, 21 Mei

Nimemkuta Jacktone, yule wa mashini ya kusaga. Amekuja kuangalia "injini yake", hivyo ndivyo alivyosema, akitabasamu. Nilikuwa nimemtayarishia chuki. Ni mtu mnene, mpole, ana unga kwenye kope. Akaniambia wanawake wa nyuma ya Bumala wanatembea maili saba na debe la mahindi kichwani kwa sababu mashini yake ya sasa hufa kila wiki. "Mama, mimi siombei basi yenu mabaya," akasema. "Naombea tu miguu ya watu." Nilimpa chai. Ni vigumu sana kumchukia mtu mwenye unga kwenye kope.

Jumatano, 2 Juni

Mahindi yametoa ndevu.

Jumamosi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia asubuhi.

Saa tatu Vitalis alijaza rejeta maji, akamimina petroli kidogo kwenye kabureta, akanipa mimi kazi ya kukaa kwenye kiti cha dereva na mguu kwenye kanyagio. Yeye akaenda mbele na hendeli ya kuzungushia injini. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili basi lilikohoa. Mara ya tano lilitoa moshi mweusi, likatetemeka, ndege wakatoka kwenye taa kwa hasira, na injini ikasema. Sina neno jingine. Ilisema, sauti nene ya mzee aliyeamshwa, na ikaendelea kusema. Vioo viliimba. Nilikuwa nalia na mguu wangu haukuthubutu kuondoka mahali pake.

Vitalis aliweka kiganja juu ya pampu, akangoja. Dakika kumi. Haikuvuja tone. Alinyanyua kidole gumba, na uso wake ulikuwa ule wa mtoto wa miaka tisa ambaye sikuwahi kumjua.

Hapo nikamwona Mzee Emojong. Alikuwa akija moja kwa moja kupitia nyasi, si kwa njia ya barabara, bila kofia, shati halijafungwa vifungo. Vitalis alipungia mkono. Mzee hakumwona. Alitembeza kiganja juu ya bati, mahali tulipokwisha kurudisha rangi ya maziwa, akafika mlangoni, akapanda. Nikaondoka haraka kumpisha. Alikaa kwenye kiti chake, na nakiri kwamba kilikuwa chake. Mgongo wake uliingia ndani ya lile shimo la ngozi kama ufunguo kwenye kufuli. Alikuwa anatabasamu. Ana meno mazuri, nani angejua.

Kisha, bila kutazama, kama mtu anavyofunga mlango wake mwenyewe, alinyoosha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa chake na kuvuta kitu. Mkono ulifunga hewa. Akajaribu tena juu kidogo. Akageuka.

Alitazama yale matundu ya skrubu kwa muda mrefu. Injini ilikuwa bado inasema.

"Kulikuwa na ufito hapa."

Vitalis alikuwa amefika mlangoni. "Ndiyo mzee. Nimeutoa. Haukuwa wa basi, uliongezwa tu, sisi tunarudisha..."

"Zima," akasema.

Vitalis akazima. Mzee akashuka polepole, akishika kila kitu.

"Mzee, injini imesema," Vitalis akamwambia. "Ulisema ikisema..."

"Nilisema basi yangu ikisema. Hii siijui. Hii ni ya watu wa Nairobi." Akafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja. "Nitamwita Jacktone aje achukue injini yake. Wiki ijayo, Jumamosi."

Akarudi kwake kwa kuzunguka upande wa barabara.

Vitalis hakubishana. Mtu habishani na mzee juu ya kitu cha mzee. Ameketi kwenye ngazi mchana wote. Nilimpelekea chakula na kukirudisha. Mimi ndiye niliyesema "utoe".

Jumapili, 13 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekasirika, na sijui ni nani ninayemkasirikia. Mzee mmoja anavunja moyo wa mume wangu kwa sababu ya kipande cha shaba. Asubuhi nilimwita katili. Jioni nilikumbuka ule mkono ulivyokwenda nyuma bila kuambiwa, na sikuweza kumwita hivyo tena. Kuna kitu mkono ule unajua.

Jumanne, 15 Juni

Nimempata mtu. Dereva Otiende, anayebeba simenti na ambaye Vitalis humtengenezea lori, alipanda basi hili kila siku ya soko akiwa kijana. Nilimuuliza juu ya ufito.

"Si hapo ndipo blanketi ilikuwa," akasema, kama aliyeulizwa jua hutokea wapi.

"Blanketi ya nini?"

"Ah, mama, hiyo usiniulize mimi. Ni mambo ya wakwe. Kuna mama mzee Amukura, Alupo. Ni yeye alikuwa anakaa nyuma ya hiyo blanketi. Mimi napita huko Alhamisi."

Vitalis amesema nende. Ameniazima koti lake la mvua, na linanuka yeye.

Alhamisi, 17 Juni

Naandika nikiwa na matope mpaka magotini na sitaki kunawa kabla sijamaliza.

Mama Alupo anakaa ndani kidogo ya Amukura, upande wa kushoto ukielekea Malaba, nyumba moja na jiko. Ni mdogo wa mwili, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha haraka. Nilipotaja jina la Emojong alinyamazisha mikono iliyokuwa ikichambua nafaka ya wimbi.

"Anaishi?"

"Anaishi, mama. Ana nguvu."

"Anakula?"

Nikasema sijui. Nikaona aibu, miezi minne jirani yake na sijui kama anakula.

Nilimweleza yote, basi, rangi, injini, ufito. Nilipofika kwenye ufito alicheka kicheko kidogo kikavu. "Kumbe mmebomoa nyumba yetu," akasema.

Nayaandika maneno yake kama nilivyoyashika:

"Anyait, mtoto wangu, ndiye aliolewa na Emojong. Yeye akanunua hiyo basi kwa Mhindi wa Kisumu, akawa anapita hapa siku ya soko kwenda Bumala. Mimi nauza vyungu Bumala. Wote wanapanda, mimi natembea. Nitapandaje? Mkwe ananiona, mimi namwona, hiyo ni aibu ya nyumba mbili. Anyait akamwambia, mama yangu atakufa kwa barabara na basi yako inampita. Basi huyo kijana akaweka chuma, akatia blanketi. Mimi napanda mlango wa nyuma, nakuja nakaa kiti cha kwanza, nyuma yake kabisa, kwa sababu huko hakuna kuruka sana na vyungu vinapasuka. Nikishuka, kondakta anapiga kengele mara mbili. Maana yake mama amekwenda, sasa geuka.

"Wiki ya kwanza tulinyamaza. Ya pili nikakohoa. Akauliza, mama, ni vumbi? Nikasema ni vumbi. Hivyo tu. Ya tatu akaniambia Anyait ana mimba. Baadaye tukawa tunaongea kutoka hapa mpaka Bumala, na kutoka Bumala mpaka hapa. Ng'ombe, mvua, watu wa serikali. Alikuwa ananiuliza mambo ambayo mtu humuuliza mama yake. Wake alikufa zamani. Nyumbani kwangu amekuja mara tatu, kila mara nimejificha jikoni. Kwa nyumba hatuna pa kuongea. Kwa basi tulikuwa na miaka kumi na moja.

"Siku Anyait amekufa, alikuja kunichukua. Nikapanda, nikakaa, blanketi iko. Yeye analia huko mbele, mimi nalia huku nyuma, na gari inaenda. Baada ya matanga sikusikia sauti yake tena. Basi ikasimama. Bila basi na blanketi yake, angekuja na nini?"

Nilimwuliza, kwa sababu siwezi kujizuia: na sasa kwa kuwa macho hayaoni, je, hawawezi kukaa pamoja tu? Akanigeuzia ule ukungu. "Mtoto, heshima haikuwa ya macho."

Akauliza ufito uko wapi sasa. Nikamwambia uko ndani ya injini, umechongwa, unazunguka na maji. Akafikiri. "Kwa hiyo umepata kazi nyingine," akasema. "Mimi bado niko hapa." Nilipoondoka alinishika kiganja. "Mwulize kitu kimoja. Mwulize kwa nini barabara imekuwa ndefu hivi."

Nilikuwa na swali moja juu ya basi, historia yake ni ipi, nami nilikuwa nikilitafuta kwa msasa, nikitupa chini kijani ili nifike kwenye maziwa. Leo nimekishusha kile kitambaa cha majina kwenye kamba. Kwa bahati mvua zilitufanya tusikiguse na limau, na majina ya makaa bado yapo.

Jumamosi, 19 Juni

Jacktone alikuja asubuhi na vijana wawili, minyororo na gogo la kuinulia. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda mbali na basi, ameligeuzia mgongo. Vitalis alikuwa ameshafungua boneti mwenyewe ili asione wengine wakiivunja.

Niliingoja heshima iniruhusu, haikuniruhusu, nikaenda hivyo hivyo. Nilipiga magoti mbele ya mzee kwenye majani mabichi.

"Mzee, juzi nilikuwa Amukura. Mama Alupo anakusalimu. Anauliza kwa nini barabara imekuwa ndefu hivi."

Nyuma yangu spana iliacha kulia. Mkono wa mzee ulitafuta kitu kwenye goti, vumbi labda, ukaendelea kulipangusa.

"Ameuliza hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Sauti yake ikoje?"

"Nzuri. Anakohoa kidogo."

"Ni vumbi," akasema mzee. Akainamisha kichwa, na sote tukatazama kando.

Jacktone aliitia spana mfukoni. "Mzee, mimi nilikuja kuchukua injini," akasema. "Sikujua kuna watu bado wako ndani ya gari. Kuna mtu Kisumu ana injini ya trekta. Nitatafuta." Na kwa vijana wake: "Kusanyeni minyororo, tunaenda."

Mzee alisimama akaenda mpaka kwa Vitalis.

"Ufito uko wapi?"

"Ndani ya pampu, mzee. Nilikosea. Nikiutoa, injini inakufa."

Mzee aliinama juu ya injini. Aliuona au hakuuona sijui, uko ndani, lakini alitazama mahali pale muda mrefu kama mtu anayetazama mtoto aliyelala.

"Wacha ukae," akasema. "Mtafute mwingine, hata wa mti. Basi ni yenu, nilitoa neno. Lakini safari ya kwanza ni yangu, na kijani irudi."

Nikasema nitashona pazia, nina leso nzuri mpya ya arusi.

"Blanketi," akasema mzee. "Leso inapitisha mwanga."

Jumapili, 20 Juni

Vitalis anasema breki zinahitaji wiki nzima, na mahali palipokatika karibu na Amukura bado hapajajazwa mawe. Bwana barabara ameahidi lakini mabwana barabara huahidi. Nimemuuliza mara tatu kama basi litafika. Mara zote tatu amesema litafika, na mara ya tatu alikuwa ananibusu, kwa hiyo ushahidi wake si safi.

Jioni hii mzee alikuja mwenyewe mlangoni petu kunipa jibu lake. Otiende anapita kesho asubuhi kuelekea Malaba na ataingia Amukura. Ingawa mama Alupo hasomi, nimemwandikia Otiende kwenye karatasi, asije akapunguza neno lolote njiani: Emojong anasema barabara haikuwa ndefu, ni yeye aliyekaa bila kuja. Anasema mama akae kiti kilekile, asibebe vyungu vingi. Anasema atafika kabla mwezi haujaisha.